Mlango Uliofuata Jiwe

Nyumba yetu mpya pembeni mwa mji wa Kasongo ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango wa atelye, yaani karakana, na mimi nilikuwa nimechoka. Mume wangu Isidore hutengeneza pikipiki, jenereta na mashine za kusaga mihogo. Alijenga chumba cha kazi ubavuni mwa nyumba na kukiachia tundu pana, ili mashine kubwa ipite bila kufunguliwa vipandevipande. Tundu lilikuwepo, mlango haukuwepo. Tulitundika turubai la buluu, na kila jioni Isidore aliingiza mali za watu katika chumba chetu cha kulala. Upande wangu mmoja nililala na jenereta ya mkuu wa shule, upande mwingine injini ya kinu, na Jumapili nilinuka petroli mpaka kanisani. Mtu akiniuliza habari za nyumba mpya nilimjibu kwamba sijambo, nimeolewa na mashine.

Shida ilianzia kwenye jiwe. Waashi walipochimba msingi walilikuta upande wa kulia wa tundu, wakaligonga mpaka mpini wa nyundo ukavunjika, nalo likakataa. Lilibaki limetokeza shubiri nzima juu ya kizingiti. Mimi nilisema walipasue kwa moto na maji, kama wachimba dhahabu wanavyofanya. Siku hizo shemeji yangu Abedi, kaka mkubwa wa Isidore, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lusangi, upande wa Kabambare, ambako alikuwa akichomelea vyuma vya watu wa machimbo. Alilitazama lile jiwe, akalikalia, akamalizia ndizi yake akiwa juu yake.

"Muache jiwe," akasema. "Mulango itafuata jiwe. Mimi mwenyewe nitaitengeneza kule, nitawaletea."

Abedi hakuwa na mita wala kalamu. Katika ukoo wao wa wafua chuma mtu hupima kwa kamba. Alichukua uzi wa waashi akafunga fundo la urefu wa kushoto, fundo la urefu wa kulia ambako jiwe lilikuwa limekula shubiri moja, halafu fundo la upana. Kisha akafunga uzi wa pili uliolingana na wa kwanza kila fundo. Mmoja aliuzungusha mkononi mwake kama bangili, mwingine akanipa mimi.

"Shemeji, tunza hii. Kama barabara inanikula, fundi mwingine atatengeneza."

Nilimwambia aniondolee uchuro wake nyumbani kwangu. Alicheka, na Abedi akicheka hata wewe mwenye hasira unacheka. Uzi niliutundika kwenye msumari wa sebuleni, pamoja na rozari yangu na tasbihi ya mama mkwe, Mama Amisa, anayekaa nasi. Kwetu ndivyo tulivyo: Mama Amisa na Abedi wanasali msikitini, mimi na Isidore tunasali kwa mapadri, na msumari ni mmoja.

Jambo jingine la Abedi lazima nilieleze hapa. Milango yake ilijulikana kwa sauti. Alikuwa akiupinda kidogo msumari wa bawaba ya juu, ili mlango ulie unapofunguka, sauti nyembamba kama ya mwanambuzi anayemtafuta mama yake. "Mulango yenye hailie ni ya mwizi," alisema. Kasongo ina milango yake kadhaa, kwenye maduka na kwenye nyumba za watu. Mama Amisa ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na tulipomshika mkono kumpeleka sokoni, mlango ukilia mahali alisimama na kusema, "Abedi." Kisha alitabasamu, tukaendelea na safari.

Basi Abedi alirudi Lusangi na sisi tukaanza kungoja. Mvua ilianza, ikakatika, ikaanza tena. Kule simu haishiki mpaka mtu apande mlima, lakini yeye alikuwa akipanda kila Ijumaa baada ya sala na kumsalimia mama yake. Ikapita Ijumaa bila simu, ikapita nyingine. Isidore alisema betri imekufa. Baadaye alisema mlima unateleza kwa mvua. Mimi nilisema chumba kimelowa, wezi wameanza kulizoea turubai letu, na mlango lazima upatikane.

"Subira, Mama Victoire," aliniambia, maana binti yetu wa kwanza ni Victoire. "Subira inavuta heri."

"Subira yako itavuta wezi."

Nikamburuta kwenda kuchagua. Tulianzia kwa Atumani seremala, ambaye alikuwa na mlango wa mbao nzito za muvula, vipande viwili vipana, kazi safi ambayo ungeweza kulia chakula juu yake. Isidore aliugonga kwa kidole akasema mbao zitavimba na mvua. Tukaenda kwa wauza milango ya bati nyuma ya soko. Akaubonyeza mmoja kwa dole gumba, ukabonyea. "Hii ni sahani, haiko mulango." Jirani mmoja alituonyesha kwenye simu picha ya mlango unaojikunja kwenda juu, kama wa maduka ya Bukavu, na aliweza kuuagiza. Isidore akasema utakwama kwenye jiwe. Tukarudi kwa Atumani, ambaye kwa wema wake alijitolea kuikata mbao ifuate jiwe. Isidore akasema mbao inashika moto, na yeye anafanya kazi na petroli.

Nilimsimamisha njiani. "Baba Victoire, unatafuta mulango ao unatafuta sababu?"

Alifuta mikono kwenye suruali, akatangulia mbele. Isidore si mtu wa kuniacha njiani, na hilo ndilo lililonitisha. Jioni hiyo nilimwuliza mama mkwe wakati tukimenya karanga. Mama Amisa alizungusha karanga moja kwenye vidole mpaka akaona jinsi ya kuniambia.

"Kwetu wafua chuma, mulango ya kazi ya mudogo inatoka kwa mukono ya mukubwa. Mukubwa akingali hai, mudogo hajinunulii. Akijinunulia, ni kusema mukubwa hayuko tena. Amemuzika."

"Na mukubwa akikawia, Mama?"

"Akikawia, munangoja."

Nilielewa sasa kwa nini kila mlango wa Kasongo ulikuwa na kasoro. Hasira ilinitoka yote, na nilitamani ingebaki, kwa sababu kilichoingia mahali pake kilikuwa hofu. Mume wangu hakuwa akingoja zawadi. Alikuwa akimshikilia kaka yake kati ya walio hai kwa lile turubai la buluu, na mimi kila siku nilikuwa nikilivuta. Tangu siku hiyo sikutaja mlango tena, na jenereta ya mkuu wa shule nikailaza vizuri pembeni yangu.

Wakati huo watu walianza kuingia mjini kutoka upande wa Kabambare, wakikimbia vita. Kule kwao mtu akikimbia hachukui kitanda. Anang'oa mlango, kwa sababu mlango ndio unaoibwa kwanza, na nyumba isiyo na mlango ukirudi utaikuta imekuwa zizi la mbuzi. Kwa hiyo sisi wa Kasongo hatuhitaji redio. Ukiona milango inakuja barabarani juu ya vichwa vya watu, unajua nyuma yake kuna jambo. Niliwauliza kuhusu Lusangi. Mwanamke mmoja alisema hakupita huko. Mzee mmoja aliniangalia vizuri, akaangalia chini, akaniomba maji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliingoja Ijumaa kama mgonjwa anavyongoja daktari mwenye sura mbaya.

Nilikwenda sokoni kununua samaki wa mtoni kutoka Nyangwe, asubuhi, jua likiwa bado changa. Kwa Gaston, anayeuza vyuma vikuukuu karibu na maegesho ya pikipiki, watu walikuwa wamejaa wakicheka. Gaston ni mtu mnene mwenye maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa amekaa kwenye debe la mafuta, amewapa watu mgongo. Kijana mmoja wa pikipiki alisema, "Mulango ya kilema. Mguu moja murefu, mguu moja mufupi." Watu wakacheka tena. Nikapenya.

Ulikuwa mlango wa chuma wa vipande viwili ndani ya fremu yake, umefungwa barabara kwa vipande vya mpira wa tairi. Kipande cha kushoto kilishuka mpaka chini. Kipande cha kulia kiliishia juu kidogo, na fremu nayo ilikuwa hivyo hivyo, mguu wa kulia mfupi kwa shubiri moja. Samaki waliniponyoka mkononi, nikawaokota mmoja mmoja ili nipate kuinama.

Nilijisemea kwamba mawe yako mengi duniani. Nilijisemea kwamba mafundi wabovu nao wako wengi. Nikasogea karibu, na hapo niliona jambo ambalo wale wenye kucheka hawakuliona. Vitu vyote vya Gaston vina vumbi jekundu la barabara, hata yeye mwenyewe analo. Mlango huu ulikuwa umeoshwa. Mtu alikuwa ameusugua kwa mchanga na sabuni, kwa nguvu, na rangi ya kijivu ilikuwa imetoka kwenye kipande cha kushoto, kuanzia usawa wa kifua changu kushuka mpaka chini. Pengine pote rangi ilikuwa mpya.

"Gaston, nani ameosha mulango hii?"

"Niliinunua hivi hivi, Mama."

"Kwa nani?"

"Kwa watu, ng'ambo ya muto Luama."

"Watu gani?"

Alitazama kushoto na kulia kabla ya kunijibu. "Watu wenye walikuwa na haraka."

Nilirudi nyumbani kuchukua ule uzi. Mama Amisa alikuwa amekaa chini ya msumari, na aliposikia mkono wangu unagusa ukuta akaniuliza, "Unachukua nini kwa musumari, mwanangu?" Nikasema, "Rozari, Mama." Mungu anisamehe, niliichukua na rozari pia ili nisiwe mwongo mtupu, nikatembea nayo njia nzima nikiisali bila kujua niko kwenye fumbo lipi.

Watu walikuwa wametawanyika. Nilimwomba Gaston ashike ncha ya uzi, akashika bila kuuliza. Fundo la kushoto lilifika mwisho wa chuma. Fundo la kulia likafika. Lile la upana nililivuta polepole, nikimwomba Mungu likose hata kwa unene wa kidole, nilale nyumbani nikimcheka fundi mbovu nisiyemjua. Halikukosa. Katika nchi nzima palikuwa na tundu moja tu ambalo mlango ule ungeliziba, na tundu hilo lilikuwa kwangu, nyuma ya turubai la buluu.

Nikamtuma mtu wa pikipiki amwite Isidore. Alikuja na mikono ya grisi. Aliuona mlango kwa mbali, akapunguza mwendo. Akanyoosha mkono, nikampa uzi. Akapima, akapima tena, kisha akaukunja uzi vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mwingine.

"Labda yaya Abedi alikimbia nayo," akasema. "Watu wanakimbia na milango. Labda aliiuza njiani, apate kula."

"Mutu mwenye anakimbia na mulango haachi mulango, Baba Victoire."

Nilisema kwa sauti ndogo, na mpaka leo natamani nisingesema. Isidore alimgeukia Gaston na kumwuliza kwa heshima, kama anayeuliza njia, "Ndugu, wakati walikuuzia, mwenye mulango alikuwa wapi?"

"Sikumuona mwenye," Gaston akajibu. "Niliona mulango tu. Ilikuwa ingali na maji."

Isidore aliweka kiganja kwenye ile sehemu isiyo na rangi, akakitoa. Aliuliza tena ng'ambo ya Luama ni wapi hasa, watu walikuwa wangapi, walivaa nini, na Gaston akawa anazungusha kofia yake. Mwishowe akasimama.

"Muibebe," akasema. "Sitaki kitu. Kila fasi naiweka watu wanacheka, na mimi siwezi kucheka. Muibebe tu."

Tuliubeba kwa mkokoteni, mimi nyuma nikisukuma. Watu walitupongeza njiani, mlango umepatikana hatimaye, na nilikuwa nikiitikia asante. Kabla ya kufika tulikubaliana jambo moja: Mama asijue. Isidore angetafuta mtu mwenye moyo wa kwenda Lusangi, na mpaka huyo arudi na neno, Mama Amisa angeendelea kungoja Ijumaa yake. Nilimwambia tuufiche mlango nyuma ya nyumba, chini ya majani. Alikataa. Alisema kazi ya mkubwa hailali kwenye majani.

Alasiri, Mama akiwa jikoni nyuma ya nyumba na karanga zake, tuliteremsha turubai na kusimamisha fremu. Haikuhitaji patasi wala kabari. Mguu wa kushoto ulikaa kwenye saruji, mguu wa kulia ulikaa juu ya jiwe, na kipande kifupi kilibaki juu yake kwa nafasi ya kupitisha kidole tu. Nimeona nguo za harusi zilizoshonwa kwa kupimwa mara nyingi ambazo hazikumkaa bibi harusi namna hiyo. Isidore aliukandika udongo na saruji pembeni, akafanya kazi vizuri, bila haraka, na machozi yalikuwa yakimtoka muda wote bila yeye kuyafuta kwa sababu ya mikono.

Ikabaki mipira ya tairi iliyovifunga vile vipande viwili. Nilimshika mkono wenye kisu.

"Usikate. Kama imefungwa, bado tunaweza kusema ni ya fundi mwingine."

"Wewe umepima. Mimi nimepima."

"Basi usikate kwa sababu ya Mama. Itamwita."

Hilo alikuwa amelifikiria. Akaingia ndani akatoka na chupa ya oili ya pikipiki. Akapanda juu ya jiwe, akaimimina kwenye bawaba za juu, nyingi, mpaka ikatiririka kwenye chuma na kuingia pale palipooshwa. Alikuwa fundi akiifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani, kuunyamazisha mlango wa kaka yake. Akangoja oili iingie. Akamimina tena. Mimi nilisimama kwenye kona, mahali nilipoweza kuliona jiko, nikamwona Mama Amisa anapepeta karanga na midomo yake inatembea kwa sala.

Isidore akakata mpira wa chini. Akakata wa katikati. Wa juu ulipokatika, kipande cha kushoto kilianza kufunguka chenyewe kwa uzito wake, polepole, kimya. Kikafika nusu, bado kimya. Isidore alinitazama, na mimi nikaanza kupumua, kwa sababu nilisahau kwamba oili haiwezi kuunyoosha msumari uliopindwa.

Mlango ukalia. Ulilia sauti ile nyembamba, ndefu, ya mwanambuzi, ikazunguka nyumba na kufika nyuma. Jikoni ungo ulisimama.

"Abedi amefika," Mama Amisa akasema. Sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa changa namna ile. "Mama Victoire, muwekee shemeji yako maji ya kuoga. Ametoka mbali."

Isidore alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili ili usilie tena, paji la uso likiwa juu ya chuma, na hakugeuka. Nyuma nilisikia Mama anainuka, anatafuta fimbo yake, anaikosa, anaanza kuja bila fimbo akipapasa ukuta na kuuliza, "Abedi? Mbona husalimu?" Mimi nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji.